Shemeji Anataka Niandikwe Mke Wake Ili Kiinua Mgongo Kisikatwe Kodi

Mama Rebecca mpendwa, mshauri wetu, pokea salamu za mjane wa hapa mtaa wa Juba Na Bari ambaye hajawahi kuandika gazetini na wala hakufikiri ipo siku ataandika, lakini naomba msaada wako, na uwe wa haraka, kwa sababu kabla mwezi huu haujaisha ninatakiwa kuweka saini kwenye karatasi ya hukuma, ya serikali, kwamba mimi ni mke wa shemeji yangu, na mimi si mke wake, na nyumba nzima inasema si kitu, ni karatasi tu, na ni mimi peke yangu ninayeona ni kitu.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Mume wangu Lukudu alikuwa tarishi wa serikali hapa Juba, akafa wakati wa vita, akaniacha na watoto watatu, wa mwisho, Pitia, akiwa bado hajaachishwa ziwa, na aliyetutoa hapa mpaka Uganda ni huyu mdogo wake Duku, alimbeba Pitia begani njia nzima, na mkewe Santina alibeba sufuria na unga na bado akanishika mkono kila tulipovuka maji, basi Arua tulikaa miaka yote ile nyumba moja na jiko moja, mimi na Santina tukiuza muhogo na samaki wakavu sokoni, ndiko nilikojifunza hiki Kiswahili ninachokuandikia, na tangu huko tunaitana dada. Matanga yalipokwisha wazee walisema kwa mila yetu mimi sasa ni wa nyumba ya Duku, naye akawajibu, watoto hawa ni wangu na mama yao ni dada ya Santina, basi, na Mungu ni shahidi yangu, mama, tangu siku hiyo hajawahi kuvuka mlango wangu.

Amani ilipokuja tukarudi, Duku akarudishiwa kazi yake ya kutunza stoo serikalini, na hata kabla hajajipatia kitanda akanishika mkono akanizungusha ofisi kwa ofisi mpaka wakanikubalia ile pensheni kidogo ya marehemu, ndiyo inayomsomesha Pitia mpaka leo, kila mwaka mwezi wa kwanza naenda dirishani pale ofisini na barua ya padri kusema bado niko hai na bado niko katika jina la Lukudu, wananiandika, narudi nyumbani.

Sasa Duku naye umri umefika, anastaafu. Anacho kiwanja huko upande wa Jebel, chini ya mlima, na tangu Arua alikuwa akituambia kiinua mgongo chake kitajenga nyumba ya matofali yenye bati, vyumba vya Santina upande huu, changu na watoto upande ule, maana hapa tunapokaa ni kwa jamaa na kila mvua kubwa tunahamisha magodoro. Kumbe alipokwenda ofisini wakamwambia sheria ina kikomo, mtumishi akichukua kwa mkupuo mpaka kiasi fulani hakatwi kitu, lakini kinachozidi pale kinakatwa kodi, na inakata kweli, si ya kuonja. Mama, huyu ni mtu aliyezika ndugu, akakimbia, akalima mashamba ya watu ugenini, akarudi, nilimwona amekaa kwenye kigoda na kofia mapajani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, nikamhurumia mpaka nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Baada ya siku chache akaja rafiki yake Ezbon, aliyestaafu mwaka jana, yeye ana wake wawili wa kweli, akamwambia, "Wewe unalia nini bure? Hiyo kikomo iko ya nyumba moja. Mimi niliandika wanawake wangu wawili, wakahesabu nyumba mbili, hata senti hawakugusa. Na wewe si una wawili pale?" Duku akanijia jioni hiyo, akakaa mbali kidogo kama kawaida yake, akasema, "Teresina, wewe ni wa nyumba hii tayari, ukoo wote unajua. Tunaiambia tu hukuma kitu ambacho ukoo unakijua." Nikanyamaza. Shangazi yake Duku aliyekuwa anachambua mboga akadakia, "Anyamazie nini? Wazee walishamaliza maneno haya zamani. Au tuambiwe tumezoea kuona fadhila za punda?" Mama Rebecca, neno hilo liliniingia kama mwiba, kwa sababu mimi nadaiwa na Duku uhai wa watoto wangu na najua sitaweza kuulipa.

Santina ndiye aliyenitia moyo mwanzoni, akasema, "Weka saini, dada, karatasi haipiki wala haizai," tukacheka wote wawili. Lakini wiki ile ile Duku akarudi kutoka sokoni na vitenge viwili, ua moja, rangi moja, urefu mmoja, na wewe ni mtu wa huku, unajua mwanamume akileta vitenge vya aina moja kwa wanawake wawili anasema nini. Santina akavipima kwa mkono, kimoja baada ya kingine, akasema, "Sawa, vinalingana," akanipa changu. Tangu siku hiyo haniiti dada. Ananiita mke mwenzangu. Tukiwa mtoni tunafua akaniita mbele ya wanawake, "Njoo, mke mwenzangu, tukamue shuka hili," wanawake wakacheka na mimi nikacheka, yeye hakucheka. Na Jumapili hii iliyopita nimemkuta amewasha moto wake pembeni, kwa mawe yake, anapika peke yake, nikamuuliza kulikoni, akasema, malesh, usijali, moto wa huku unamtosha. Tangu Arua hatujawahi kupika mioto miwili.

Na sasa nikuambie lile ninaloonea haya, maana nisipolisema nitakuwa nimekuandikia nusu. Kile kitenge nilikipenda. Tangu Lukudu afe hakuna mtu aliyesimama dukani akachagua nguo akifikiria mwili wangu mimi, nguo zangu zote ni za kupewa au za kujinunulia kwa haraka, nikakivaa kanisani, nikapita katikati ya watu kichwa juu kama mwanamke mwenye mume, na nilifurahi, mama, sitakudanganya, misa nzima nilifurahi, mpaka tulipopiga magoti nikamwona Santina mstari wa mbele amevaa kile chake cha zamani kilichopauka, na utamu wote ukaniishia mdomoni.

Sasa nifanye nini? Nikikataa, kodi itakula nyumba ya watoto wetu wote na nitaitwa mtu asiye na shukrani mpaka kaburini. Nikikubali, naona ninasema uongo, naona Santina ananitoka, na sijui baada ya saini kitafuata nini, maana Duku hajanitamkia neno lolote baya, ni mtu wa heshima, lakini siku hizi akinisalimu anatazama chini. Nisaidie upesi, nami nitakuombea.

Ni mimi, Teresina, mjane, Juba Na Bari.

MAMA REBECCA ANAJIBU

Teresina mdogo wangu, barua yako nimeruka nayo foleni nzima, wenye matatizo ya wachumba wataningoja. Majina yote nimeyabadilisha, kwa sababu Juba ni ndogo na midomo yake ni mikubwa. Pole sana. Umebeba mengi na umeyabeba kwa adabu.

Usiweke saini. Nalisema hilo kwanza ili hata mtoto akichana gazeti hili kufungia karanga, wewe uwe umeshalisoma.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniandikia kurasa nzima juu ya kitenge na mioto miwili, na juu ya jambo linaloweza kukuacha na njaa umeniandikia mstari mmoja, ukapita kama mtu anayeruka kidimbwi. Ile kidogo ya Lukudu. Wewe unafikiri kila mwaka wanakuuliza habari zako dirishani kwa sababu wanakupenda? Wanakulipa kwa kuwa wewe ni mjane. Ukiolewa, basi, khalas, malipo yanakoma. Na hiyo karatasi ya Duku inakwenda ofisi ile ile. Mwezi wa kwanza umekuja na barua ya padri kwamba uko katika jina la Lukudu, mwezi huu unakuja na saini kwamba ni mke wa Duku, na unatumaini makarani hawatazungumza. Watazungumza, mama. Watakufutia, na wanaweza hata kudai urudishe ulichokula. Njia mbili zilimshinda fisi, na yeye ana miguu minne. Ada ya Pitia utaitoa wapi? Kwa Duku huyo huyo aliyestaafu?

Najua mlikosea wapi, na ni kosa la watu wote waliokulia penye ukoo wenye nguvu. Kwa wazee wetu, mjane akikaa katika nyumba ya shemeji ameshakuwa wa nyumba hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Anakula, analindwa, watoto wanaitwa kwa jina la ukoo, yamekwisha. Kwa hiyo mnaona mkiiandikia hukuma neno "mke" mnaipa tu habari ya zamani. Lakini hukuma haijui kukaa katikati kama tunavyokaa sisi. Kwake wewe ni mjane au ni mke, na kila neno lina mfuko wake.

Na sasa Ezbon. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, nikafunga kitambaa changu nikaenda mwenyewe kuuliza wanaoshughulika na mambo haya, bila kutaja mtu. Nilivyoelezwa ni hivi: kikomo ni cha mtumishi mwenyewe. Awe na mke mmoja, awe na wanne, awe kapera, kikomo ni kile kile. Majina ya wake wanayataka ili wajue wamlipe nani mume akifa. Ezbon hakukatwa kwa sababu chake pengine hakikufika kwenye kikomo, akatoka pale akidhani wake zake wamemwokoa. Simwiti mwongo. Ni mtu aliyeona mvua imekoma akiwa ameshika jani kichwani, akafikiri jani ndilo lililokomesha mvua. Lakini Duku naye asikubali maneno ya kijiweni, aende aulize tena yeye mwenyewe, kwa sababu sheria hizi hubadilika na mimi si karani.

Umeona basi? Mngedanganya, na kodi ingekatwa vile vile. Na bado lipo baya zaidi, hili mpelekee Santina. Wewe ukiandikwa mke wa pili, siku Duku akitutoka, kile ambacho kingekuwa cha Santina kinagawanywa mara mbili. Santina akikusukuma uweke saini anajikata mwenyewe mkate wake wa uzeeni, naye hajui. Alikuambia karatasi haipiki wala haizai. Kweli, lakini inaweza kuwazimia jiko wote wawili.

Duku, najua utasomewa ukurasa huu hata kama hujui kwamba ni wewe. Shemeji, kwanza nakuvulia kitambaa. Uliyoyafanya na mtoto yule begani, wengine hawakuyafanya kwa damu yao wenyewe. Na kodi hiyo inauma, sitakuambia haiumi, mtu ameanza maisha mara tatu halafu anaambiwa amezidi kikomo. Una haki ya kukaa na kofia mapajani. Lakini mjane wa ndugu yako ulikabidhiwa ili asife njaa, hukukabidhiwa ili akupunguzie kodi. Fanya hivi: usichukue zote kwa mkupuo. Chukua kwa mkupuo mpaka pale kikomo kinapofika, kilichobaki uombe kije kama pensheni ya kila mwezi, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Uliza haya yote kabla ya kuweka saini, kwa sababu wameniambia ukishachagua hakuna kurudi nyuma. Jenga vyumba viwili vya matofali kwanza, na uezeke kwa nyasi mwaka huu. Bati litakuja. Watoto wako wamelala chini ya miti ya watu huko njiani, hawatakufa kwa kulala chini ya nyasi za baba yao.

Nirudi kwako, Teresina, kwenye lile unaloonea haya. Hukutenda dhambi yoyote. Mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kuchaguliwa nguo akichaguliwa moja atafurahi, moyo si jiwe la Jebel. Ningekushangaa usingefurahi. Lakini jiulize ulifurahia nini. Kama ni Duku unayemtaka, jambo hilo lina njia yake, lina padri ambaye najua atakuambia nini, lina Santina, lina wazee, na linasemwa mchana kweupe. Haliingii kwa dirisha la pensheni. Na kama ulichofurahia ni kukumbukwa tu, kama ninavyosoma mimi kwenye barua yako, basi sema hivyo na usijipake tope. Naye Duku anatazama chini kwa sababu ameona haya, kama wewe. Watu wazima watatu wazuri mmeogopana ndani ya ua mmoja kwa sababu ya karatasi.

Santina hajakuchukia. Soma barua yako mwenyewe. Aliona kodi ya mumewe, akaona nyumba inakwenda, akasema ndiyo kwa mdomo, kisha vitenge vikaja na mwili wake ukakataa. Hawezi kusema hapana kwa sababu ni yeye aliyesema ndiyo. Anakuita mke mwenzangu ili wewe ndiye useme hapana. Ee, dada yangu, mwanamke huyo anakuomba msaada mtoni mbele ya watu wote, na wewe unamkamulia shuka.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwenye ule moto wake wa pembeni, usimngoje aje kwako. Kaa chini. Mwambie uliyoniambia mimi, na ya kanisani pia, usiyaruke. Mwambie habari ya mkate wake wa uzeeni. Atalia au atakutukana, yote mawili ni mazuri kuliko ule ukimya. Kisha mwende kwa Duku wawili, mkiwa mmeshikana kama mlivyokuwa mkivuka maji, na useme wewe, si Santina, kwa sauti ambayo hata shangazi ataisikia: "Shemeji, deni lako nalijua na sitalisahau. Lakini mimi ni mjane wa Lukudu. Nitakufulia, nitakuuguza ukiugua, watoto wangu watakuzika kama baba. Saini sitaweka." Usiongeze neno, na usilie mpaka umalize.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki ya siku moja. Atatoka, atazunguka mpaka kwa Ezbon, watagombana huko, na jua likishuka atarudi, atakaa kwenye kigoda chake na ataomba chai. Wewe utataka kuinuka. Kaa hapo hapo ulipo, umwache Santina ampelekee.